Mgawanyo, Ibra

Barua imesomwa: kuanzia Mfunguo Nne
kila wilaya na maktaba yake.
Ibra yake, Bidiya yake, Mudhaibi yake,
na lile gari lililozunguka kila Jumatatu
limeegeshwa nyuma, matairi yananywea.

Tunagawana kama warithi wasio na maiti.
Zuwena ameshika kamusi:
juzuu ya kwanza huku, ya pili kule.
"Watu wa Bidiya wataanzia herufi gani?"
Hamduni hacheki. Anapiga muhuri mpya
juu ya muhuri wa zamani,
wino juu ya wino,
mpaka jina la pamoja halisomeki.

Rafu ya Kiswahili hakuna aliyeiomba.
Vitabu arobaini na kimoja
vilivyokuja na bibi zetu,
pembeni mwa kurasa hesabu za unga na sukari.
Niliandika "Ibra" kwa penseli. Nikafuta.

Kisha simu ikalia: mama mmoja, Mudhaibi,
ana kitabu chetu tangu Shaabani,
hajakimaliza, macho hayamsaidii.
Anauliza akirudishe wapi.

Kaa nacho, nikamwambia.
Soma polepole.
Siku ukikirudisha
kitakuwa cha mtu.