Nyafwono na Mwanawe

Barua ilikaa siku kumi na moja chini ya kopo la sukari.
Shangazi aliidhani mwaliko wa harusi,
maana bahasha ilikuwa na kidirisha
na jina lake limechungulia humo, limenyooka, limepigwa pasi.

Aliponipigia simu alisema tu:
"Njoo Tororo. Kuna karatasi inayonijua
nami siijui."

Niliisoma mlangoni, vumbi la boda bado magotini.
Milioni tatu, laki nne, elfu themanini na mbili.
Kodi ya duka la vipuri vya pikipiki,
miaka mitatu, na riba,
na adhabu ya kukaa kimya.
Nikamtazama: unga wa ulezi viganjani,
mwanamke ambaye tangu azaliwe hajauza kitu
ila mayai, na hayo kwa mkopo.

Nikatamka, kama mjinga, kwamba dawa ya deni kulipa.
"Na dawa ya deni usilolikopa?"
Hakungoja jibu. Aliingia ndani kutafuta viatu.

Jumatatu alivaa gomesi ya zambarau, ile ya misibani,
viatu akavibeba mkononi hadi tulipokanyaga lami.
Kwenye foleni, wachuuzi wa Malaba wenye simu mbilimbili
wakampisha mbele. Hakupenda.
"Mimi si mgonjwa. Nina deni, kama nyinyi."

Kijana wa dirishani aliitwa Wandera,
tai ameikunja mfukoni kwa joto.
Akabonyeza, akangoja mtandao, akabonyeza.
Jina la biashara akalisoma kwa Kiingereza,
mimi nikalitafsiri bila kufikiri:
Nyafwono na Mwanawe.
Shangazi akashika ukingo wa meza.
"Rudia."
Nyafwono na Mwanawe.
"Tena. Polepole."

Othieno.
Ndiye aliyemletea fomu mwaka ule,
kabla ya lori la barabara ya Mbale,
akamshika kidole gumba, akakizamisha kwenye wino,
akacheka: "Ni mambo ya kitambulisho tu, mama."
Habari za duka hakuzitaja.
Labda alingoja rafu zijae
ndipo ampeleke siku moja, amemfumba macho.
Labda alikuwa na madeni yake, akaliogopa jina lake mwenyewe.
Hilo sikulisema. Yeye pia hakulisema,
ingawa nililiona likimpita usoni
kama kuku anayekatiza njia.

Wandera alieleza vizuri, sina la kumlaumu:
cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa kijiji,
akaunti ifungwe, hesabu ipigwe upya.
"Weka kidole hapa, mama, tuanze."
Shangazi akakificha kidole ndani ya ngumi.
"Mkifunga, jina mtalipeleka wapi?"
Kijana akanitazama, akatazama mashine.
"Linabaki humu. Tunaandika tu kwamba halifanyi kazi."
"Kama mimi," akasema.
Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka.

Tukatoka bila kusaini.
Nilikasirika, sikatai: nauli yangu, likizo yangu,
riba isiyojua kilio.
Nikaongea njia nzima, na Mwamba wa Tororo
ukatufuata nyuma ya paa, paa baada ya paa,
hadi nikaishiwa maneno.
Ndipo akatoa ile bahasha.
"Niandikie hapa. Herufi kubwa. Kwa lugha ninayoisikia."

Alhamisi alirudi mwenyewe, nikimfuata kama mzigo.
Akaweka kidole. Deni likanywea,
halikuisha; zimebaki laki na ushee
ambazo amekataa kabisa nimlipie.
"Ni za duka letu," anasema.

Bahasha ameibandika kwa uji kwenye mlango wa banda la kuku.
Na mayai, siku hizi,
hauzi tena kwa mkopo.