Kifungo

Sindano ya kwanza ilirudi bubu.
Karatasi ya maabara iliandika: seli zipo,
ila hazijasema ni za upande gani.
Mimi fundi cherehani wa Kadutu
nimezoea sindano inayomaliza ilichoanza.

Wifi yangu Cibalonza alisema, wakate tu, yaishe.
Mama mkwe akasema ni rovu,
nyanya yake alizeeka nalo huko Walungu
na akazikwa nalo.
Mume wangu hakusema kitu. Aliuza mbuzi.

Basi nikalala kwenye chumba cha ekografi,
daktari Namegabe akanipaka ute baridi shingoni.
"Usimeze mate, mama."
Ukikatazwa kumeza
mate hujaa kama mto Kawa baada ya mvua.

Kwenye kioo, manyunyu ya kijivu.
Kisha umeme ukakatika.
Tulingoja jenereta, mimi na kivimbe changu,
kifaa kimetulia juu ya koo
kama kidole cha mtu aliyesahau
alichotaka kuuliza.

Taa ziliporudi akanigeuzia kioo.
Yeye alisema "tazama ukingo,"
mimi nikasikia pindo.
Nimekunja mapindo miaka kumi na tisa:
nalijua lililonyooka,
nalijua lililoliwa na panya.
Hili limenyooka.
Ndani hakuna punje nyeupe za chokaa.
Kimelala kwa upana, hakikusimama wima,
na katikati yake weusi wa maji, kimya.
Milimita kumi na saba.
Kifungo cha koti.

"Picha haiapi," daktari akasema,
akifuta ute kwa kipande cha kitenge.
"Inatuonyesha tu pasipo na haraka ya kisu.
Rudi baada ya miezi sita. Kikigeuza sura
tutarudisha sindano, safari hii tukijua pa kuchoma."

Nilitaka ndiyo au hapana.
Nimepewa labda,
lakini labda yenye vipimo,
na vipimo ndivyo vinavyonilisha.

Leo nimempima bwana harusi shingo.
Utepe ukazunguka,
mkono ukasita, ukajua kwa nini,
ukaendelea.
Ukutani, kando ya madeni ya wateja,
nimeandika kwa chaki: 17.
Chini yake nimeacha nafasi.