Jina Lako Halimo

Usilie, Nekoye. Orodha ile
mlangoni mwa stoo, hapa City Park,
ina majina tisa, na lako halimo.
Hukusahauliwa.

Timu mpya ya Embakasi inakuja kuchagua.
Kila klabu hufunika tisa kwa kawa,
waliobaki ni chakula wazi.
Ila wewe bado u jikoni:
hufunikwi, wala hupakuliwi.

Nilimwona katibu Muthoka akihesabu mechi zako
kwa vidole, kisha kwa kalamu,
kisha kwa vidole tena.
Ishirini na tisa.
Ya thelathini ingekutoa utotoni.
Ndiyo maana Jumamosi ile,
umeshafunga viatu, gongo mkononi,
kocha alikurudisha benchi
akasingizia mvua.

Haikunyesha hata tone.

Mimi nina misimu kumi na mmoja golini
na goti lenye vyuma viwili.
Jina langu nalo halimo.
Nimeisoma mara mbili, kutoka chini pia.
Halimo lako na halimo langu
si halimo moja, mwanangu.

Haya, chukua glavu hizi,
zimelowa jasho tu.
Jumatatu huenda nikapewa nyingine
za rangi nisiyoijua.