Daftari la Zamu

Saa nane usiku, Al-Khudh. Kiyoyozi kinakohoa.
Kwa mara ya kumi na saba kompyuta yangu inaapa
kwamba seli hizi zimekufa.
Hazijafa.
Ziko chini, chumba cha Shamsa, ndani ya sahani yenye joto la mwili,
zimepigwa mionzi, grei nane,
na zinazaana kama vile aliyeitwa ni mwingine.

Mionzi hupasua maji ya seli,
yakatoka makombo yenye njaa ya elektroni,
yanang'ata utando, protini, uzi wa nasaba.
Seli nyingine huingia kutu zikabomoka
kama lango letu la Seeb lililoliwa na chumvi ya hewa.
Hizi huilisha njaa ile, zikabaki nzima.
Elektroni za kulishia zinatoka wapi?
Milinganyo mia mbili na sita, jumla zinalingana,
na jibu ni uongo.

Sahani ina namba, haina jina. Ndiyo sheria.
Lakini karatasi ya ridhaa aliyotia sahihi mama
niliishika mimi, na kalamu nilimpa mimi.

Ijumaa nikaenda Ibra. Vikao thelathini na vitatu vya mionzi
vimemwachia sauti ya mchanga ndani ya kopo.
"Wapangaji wangu," akauliza, Kiswahili kile kile cha Wete,
"wamehama, au ndiyo kwanza wanabadilisha mapazia?"
Nikacheka. Nikatoka nje kabla kicheko hakijageuka.

Nyuma ya nyumba falaji inapita kwa zamu:
nusu saa huyu, robo saa yule, yote imo daftarini.
Na pale ukutani, mtende ambao daftari haliujui,
haujapewa hata dakika,
kijani kuliko wenye hati.
Nikapiga magoti, nikapapasa chini ya jiwe.
Majimaji.

Kwenye modeli, njia ya kando ya sukari
nilikuwa nimeiandikia sifuri. Vitabu vinasema ni ndogo.
Usiku huu nimeifuta sifuri.
Glutathioni ikajaa, seli zikaishi kwenye kioo.
Sijawahi kuwa sahihi kwa uchungu hivi.
Nikaiziba njia kwanza, ndipo nikapiga mionzi:
siku ya tatu zikalala.
Kwenye kioo, lakini. Kioo si sahani,
na sahani si koo la mtu.

Shamsa atajaribu Jumapili.
Nami namwandikia mama, nafuta, naandika tena:
wapangaji wako nimejua wanakochota maji.
Kuhama, bado.