Askari wa Pili

Shingo, inchi kumi na tano na nusu.
Kifua thelathini na nane, baadaye arobaini,
baadaye thelathini na sita, na hapo nikanyamaza.
Miaka thelathini na moja nimempima Barnaba Kegode
katika kibanda changu cha Ngara, nyuma ya duka la betri.

Alikuwa askari wa pili. Wa kwanza hakuwahi kuwa.
Wa kwanza ndiye husema, "Simama hapo!"
Wa pili husimama.
Alikuwa dereva wa balozi: kisogo tu.
Alikuwa kasisi kwenye mvua ya mpira wa zimamoto,
mpishi anayeingia na sinia, anasikia siri, anatoka.
Wazungu walipokuja na makreni yao Lang'ata
akawa chifu wa kabila lisilokuwepo.
Sema chochote, wakamwambia, lugha yoyote.
Naye kwa Kimaragoli, kwa sauti ya radi,
akataja bei ya sukari, unga na mafuta ya taa.
Mwelekezi alifuta machozi.

Alikufa mara arobaini na tatu.
Hesabu ninayo, maana mashati nilitoboa mimi,
mimi nikapitisha mrija, mimi nikafua
kwa maji baridi. Ya moto huigandisha damu,
hata ya uongo.
Kwa risasi alilipa kodi ya Kaloleni;
kwa kuzama mara moja, kwenye bwawa la hoteli,
Rispah akamaliza kidato cha nne.

Mjini walimjua bila kumjua.
Karani wa benki: "Si wewe uliyetuezekea nyumba?"
"Ndimi. Bado inavuja?"
Kijana wa petroli, Pangani: "Mwalimu! Darasa la sita!"
"Ulikuwa mtundu," anasema, wanacheka, wanaagana.
Siku moja, mbele ya Soko la Jiji,
mama mmoja alimshika mkono asimwachie:
kaka yake, aliyetoka kununua mkate Agosti ya themanini na mbili.
Barnaba hakukana, hakukubali.
Alisimama naye, mkono ukiwa ulipo,
na hakuna aliyepaza sauti kusema kata.
Alifika kibandani jioni, akaomba maji, hakunywa.

Majina yakipanda mwishoni, watu wanatafuta funguo.
Sisi wawili tunabaki vitini.
Chini kabisa, baada ya waliokodisha farasi:
ASKARI WA PILI, B. Kigodi.
Mara nyingine Kegodo. Mara moja, Barbara.
Langu nalo nalitafuta. Tuliache hilo.

Novemba walimwita awe mgonjwa kitandani, neno moja tu.
Nikampima shingo. Kumi na nne.
"Baba, rudia," mwelekezi kijana akamwambia,
"huonekani mgonjwa."
Alinisimulia akicheka hadi akashindwa kusimama,
nikamletea stuli, nikajifanya natafuta pini.

Suti ya mwisho, Rispah alileta vipimo kwenye karatasi.
Sikuifungua. Nilikata kitambaa cha kijivu, kizito,
nikashona mifuko ya kweli, ya kuingia mkono,
kwa sababu za filamu huwa nashona midomo tu.

Mhudumu wa mochari alimtazama, akainamisha kichwa.
"Huyu namfahamu. Si ndiye aliyetufungisha ndoa, Huruma?"
"Ndiye," nikasema,
nikamnyoosha kola.