Sahani ya Saa Mbili

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi ya tatu nilipewa tochi
na kizibao cha rangi ya chungwa,
nikaambiwa: Arvid, wewe mrefu,
simama pale barabarani, utaonekana.

Miaka ishirini na sita.
Sikukuu ya Wagiriki wa Duluth
mimi naijua kwa magurudumu.
Daktari Kotsonis namjua kwa breki zinazolia,
mjane Frosso kwa kuegesha mshazari
akala nafasi ya watu watatu,
kisha akanibusu shavuni ili nisiseme.
Ijumaa huja wenye njaa.
Jumapili, ibada ikiisha, huja kila mtu,
hata Walutheri wa kwetu, na viatu vyao vya kanisani,
wakiniuliza kwa sauti ya chini
kama zile keki za asali zimebaki.

Ngoma yenyewe sijawahi kuiona.
Naisikia imekatwakatwa na upepo wa ziwa:
buzuki kidogo, honi ya meli ya madini,
vifijo, kimya, kisha nyayo
zikipiga mbao za jukwaa kwa hesabu
isiyonikaa kichwani mpaka leo.
Saba, nadhani.
Moshi ndio hauna ubaguzi.
Mafuta ya kondoo yakidondoka makaani
habari hunifikia mimi kabla ya meza.

Na saa mbili usiku, usiku wa jina tu,
maana Juni huku jua halina haraka,
Evanthia alikuwa akija.
Aproni ina unga, nywele zina moshi,
sahani imefunikwa karatasi ya fedha
na juu yake kijiwe, upepo usiibe.
Hakusema karibu. Alisema: Kula, kinapoa.
Akasimama akaelekeza magari yeye,
kwa kijiko,
na magari yakakitii kijiko kuliko tochi yangu.

Mwaka huu nilisema siji.
Padre Nektarios akapiga simu mara moja.
Hakunibembeleza. Aliuliza kama tochi ina betri.

Saa moja na nusu nikaanza kujidanganya
kwamba sina njaa.
Saa mbili niliitazama barabara
kama mtu anayelipwa.
Saa mbili na robo akatoka binti,
mmoja wa wachezaji, sijui ni wa nani,
sarafu za bandia zikilia kifuani,
miguuni raba.
Sahani. Karatasi ya fedha. Kijiwe hakuna,
ameibana kwa kidole gumba.
"Imeandikwa ukutani jikoni," akasema,
"kwenye orodha ya Bibi Evanthia.
Sahani ya Arvid, saa mbili.
Mstari wa chini umeliwa na mafuta,
tumeshindwa kuusoma."

Nikafunua.
Majani manne ya mzabibu, yamesokotwa na mkono unaojifunza,
mchele unachungulia.
Nyama. Jibini.
Na zeituni, rundo zima, nyeusi, zinang'aa.

Ule mstari mimi nilikuwa naujua.
Siku ya kwanza mezani kwa baba yake
nilitema zeituni kwenye leso,
naye chini ya meza akaipokea leso
akaitia mfukoni mwake, anatabasamu na wageni.
Tangu siku hiyo, bila zeituni.
Hakuna aliyeambiwa. Ilikuwa ya kwetu wawili.

Binti amesimama, ananitazama.
Gari likapiga honi, sikugeuka.
Nikala moja. Chumvi, uchungu,
ladha ya msumari.
Nikala ya pili.
"Nzuri?"
"Kula na wewe," nikamwambia, "tusaidiane."
Akala. Kokwa akaitema kwa ustadi
hadi ng'ambo ya barabara, mbele ya gari la daktari.

Kizibao kimetundikwa nyuma ya mlango.
Mfukoni mna kokwa tisa.
Orodha wataiandika upya, wamesema,
wataniuliza ule mstari ulisemaje.
Bado sijaamua.