Hesabu ya Sweta Moja

Mashine yangu ya kufuma ina sindano mia na themanini.
Nilizihesabu siku isiyo na kazi,
na siku zisizo na kazi zimeongezeka
tangu redio itangaze: uzi wa nje umepandishiwa ushuru,
tulinde cha kwetu.

Nilipiga makofi, siwafichi.
Pale Kiboriloni, mimi na Aikande wa vifungo,
tulipiga makofi hadi muuza mbolea akachungulia
kuuliza ni harusi ya nani.
Marehemu baba alishona magunia kiwandani,
mikono ilinuka katani mpaka tunamzika.
Nikadhani wanamrudisha.

Nikaenda kununua cha kwetu:
bluu ya shule ya msingi, kilo kumi.
Mwenye kiwanda amebaki peke yake uwanjani,
mpira anapiga yeye, filimbi anapuliza yeye.
Januari kilo elfu tisa. Machi elfu kumi na nne.
Na uzi wenyewe unakatikakatika
kama ahadi ya mdaiwa.
Nikamwuliza karani, kijana mpole aitwaye Elinami, mbona hivi?
"Sasa mama, utakwenda wapi?"
Hakusema kwa jeuri.
Alisema kama anayesoma tangazo ukutani.

Wakati huo shemeji yangu Mbonea yuko Holili
na fuso la vitunguu, magunia tisini.
Taveta anaiona kwa macho,
harufu ya maandazi ya kule inamfikia puani.
Lakini kule nako wana redio.
Kule nako wana cha kwao,
na walishasikia tulivyozifanya biskuti zao.
Kizuizi kikashuka.
Siku ya kwanza alipiga simu akicheka.
Siku ya tatu alipiga akiuliza bei ya Himo.
Siku ya tano hakupiga.
Nasikia vitunguu vilianza kutoa machozi vyenyewe,
maji meusi yakidondoka kwenye lami
katikati ya nchi mbili,
na nzi tu ndio waliovuka bila karatasi.

Himo aliviuza kwa ndoo. Dereva alilipwa viapo.

Binti yake, Nakijwa, yuko darasa la nne.
Sweta lake limekwisha viwiko,
na Juni ya Moshi, mlima ukishajifunika,
haimuulizi mtoto amevaa nini.
Mbonea alikuwa amesema: shemeji, mfumie,
vitunguu vikivuka nakulipa.
Hapo ndipo nilipokaa kigodani nikapiga hesabu
ambayo redio haikuipiga:
ukuta uliojengwa kuulinda uzi
umekiangukia kitunguu,
kitunguu kimemwangukia mtoto,
mtoto ameniangukia mimi, mfumaji,
niliyeambiwa ndiye ninayelindwa.

Sisemi milango yote iachwe wazi.
Hata mimi nina kufuli kibandani.
Lakini langu nalifunga usiku, asubuhi nalifungua,
la sivyo nitakula nini, ufunguo?

Jumamosi nimeshuka Memorial, kwenye mitumba,
nikachagua sweta la bluu, kubwa, la elfu mbili.
Uzi wa nje mtupu.
Limevuka bahari, limevuka vizuizi vyote,
likaachiwa lipite kwa sababu limechakaa.
Shingoni limeshonewa jina la mtoto,
herufi ambazo ulimi wangu hauziwezi.
Sijui mama yake naye aliambiwa alinde nini.
Kitambaa cha jina nimekikata,
nimekiweka kwenye kopo la vifungo, sikuweza kukitupa.
Halafu nikafumua hadi usiku wa manane,
nikaunyoosha uzi kwa mvuke wa birika.

Sehemu kubwa ilikwisha kuliwa na nondo.
Uliosalia umetosha mkono mmoja.

Na mkono mmoja
mnajua wenyewe haulei nani.